Siku Baba Mkwe Alipokaa Mkekani Kwangu Akashindwa Kuinuka

Baba mkwe wangu alikuja nyumbani kwangu Jumamosi saa nne asubuhi kusikiliza kesi ya ndoa yangu. Akakaa chini.

Jumanne asubuhi alikuwa bado yuko hapo hapo chini.

Sitanii. Na kabla hujaanza kunicheka, nisikilize hadi mwisho, kwa sababu siku zote hizo nilijiona mjanja kuliko wote mle ndani, kumbe mjinga wa nyumba nilikuwa mimi.

Ngoja nianzie nilikoharibu.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kupandisha na kushusha watu wasiojua hata jina langu. Lifti ikienda vizuri, hakuna anayejua kama nipo duniani. Ikikwama dakika tano, natukanwa na ghorofa tisa, kila ghorofa na tusi lake. Halafu bosi anapiga simu kuongezea ya kwake.

Mke wangu ni nesi wa wodi ya mifupa. Anasimama kutwa. Akirudi nyumbani alikuwa na kiti chake kimoja kikubwa, cha kitambaa cha kahawia, kimechakaa sehemu ya kuwekea mikono, na kigoda cha kunyooshea miguu. Akishajitupa pale, usimwambie kitu mpaka apumue.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mwaka wa sita wa ndoa.

Mwaka jana kazini kwao wakampeleka mafunzo mji mwingine, miezi miwili. Nikabaki peke yangu na simu yangu.

Na hiyo simu ndiyo iliyoniponza.

Nilianza na video moja tu, ya nyumba ya Kijapani. Sebule tupu, mikeka, meza fupi, mwanga unapita kwenye milango ya karatasi. Mtu amekaa chini katulia, anakunywa chai, na huoni bosi wake akimpigia. Simu ikaona nimependa. Ikaniletea nyingine. Ikahamia kwa Wachina: taa nyekundu, mapanga ukutani, wazee wembamba wanaopiga ngumi mtu wa mbao. Nikatazama wiki nzima mpaka macho yakaniwasha.

Nikajisemea, aisee, hiki ndicho ninachokosa maishani. Utulivu. Nidhamu. Nyumba ambayo mtu akiingia anavua viatu na kushusha sauti.

Nikamwita seremala.

"Milango ya karatasi?" akaniuliza.

"Ndiyo. Ya kusukuma pembeni."

"Na mtu akiegemea?"

"Humu hakutakuwa na kuegemea. Humu ni nidhamu."

Seremala akanitazama juu mpaka chini, akaandika vipimo.

Sofa lilikwenda kwa binamu yangu. Kitanda nilikikata miguu. Dirishani nikapanga mianzi. Ukutani nikatundika mapanga mawili ya mbao, na karatasi ndefu yenye maandishi ambayo mpaka leo sijui yanasema nini. Nikaleta kutoka kazini bamba la shaba la lifti iliyokufa, nikalitoboa, nikalining'iniza mlangoni: ukiligonga, nyumba nzima inalia ngooo. Mtu wa mbao wa kupigia ngumi nikamsimamisha kwenye kona ya kwenda jikoni. Ana mikono mitatu na mguu mmoja. Kila aliyekwenda kuchukua maji alikula kiwiko.

Pembeni ya mkeka nikaweka kichemchemi cha maji cha umeme, kinachotiririka kutwa, tiriri tiriri, kwa ajili ya amani.

Mwenzangu wa kazini alikuja akaangalia, akasema, "Ndugu, hapa umechanganya nchi tatu."

Nikamwambia hana macho.

Mazoezi yenyewe nilifanya siku nne. Siku ya tano nilirusha teke la pembeni, nyonga ikagoma kurudi mahali pake. Basi nikabaki na mapambo.

Na kile kiti cha kahawia? Nilimpa mlinzi wa jengo moja ninalohudumia. Alinishukuru mpaka akanipigia saluti. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema kweli kweli.

Siku mke wangu aliporudi nilikuwa nimevaa suti nyeupe ya mazoezi. Mkanda mweusi niliutoa kwenye gauni lake la kuogea. Aliposukuma mlango nikapiga bamba, ngooo, nikakunja viganja, nikamwinamia.

Akasimama na sanduku lake mkononi. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akamwangalia mtu wa mbao.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Karibu nyumbani, mke wangu. Vua viatu kwanza."

"Nimekuuliza kiti changu kiko wapi."

"Nimempa mlinzi. Lakini subiri uone meza..."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Alilaza sanduku lake katikati ya sebule, akalikalia, akakaa hapo saa nzima anatazama ukuta.

Sanduku halikupanguliwa siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Akitaka nguo anachomoa moja, anafunga. Mimi badala ya kumwuliza ana nini, nikawa namweleza faida za kukaa sakafuni kwa mgongo. Nilikuwa na video za kutosha.

Siku ya nne akaniambia, "Nimempigia baba. Jumamosi anakuja kutusikiliza. Akimaliza, akisimama kuondoka, naondoka naye."



Baba mkwe wangu si mtu wa mchezo. Ujana wake alikuwa refa wa mpira, refa kweli, wa filimbi mdomoni, na hakuwahi kubatilisha uamuzi hata siku mashabiki walipomfukuza uwanjani na viatu mkononi. Tangu mama mkwe afariki, mwaka wa nne ule, alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba yake. Watoto wake wote wamembembeleza akakae kwao, amekataa. Anakula chai na mkate, anasema ameshiba. "Siwezi kuzeekea kwa mkwe," ndilo jibu lake, na ukiendelea anakata simu.

Nilijua akitamka kwamba binti yake aende, ataenda. Nami nampenda mke wangu. Ni vile tu nilikuwa nampenda huku nimemgeuzia mgongo.

Basi Jumamosi mzee akafika. Koti, tai, viatu vinang'aa. Akavua viatu kwa shida, akaingia, akazunguka sebule nzima akitafuta pa kukaa.

"Mkwe, nakaa wapi?"

"Hapo, baba. Kwenye mkeka."

"Kwenye mkeka?"

"Ndiyo, baba. Ni utulivu."

Mzee alishuka kwa awamu. Kwanza mkono mezani. Halafu goti moja, na kituo cha mapumziko. Halafu mwili uliobaki ukaja wote kwa pamoja, puu! Milango ya karatasi ikatetemeka.

Kesi ikaanza. Mke wangu akasema yake kwa kifupi, kwamba ametoka nyumbani miezi miwili na amerudi kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Mimi nikasema yangu kwa kirefu. Nikaeleza habari za mianzi, za mwanga, za kudhibiti pumzi. Mzee ananisikiliza, kichemchemi kinatiririka, mtu wa mbao anatukodolea.

Baada ya saa moja mzee akasafisha koo. "Nimewasikia. Nitasimama nitoe uamuzi."

Akaweka mkono mezani. Akajisukuma. Hakuinuka.

Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikamtoka, tai ikapanda, yeye akabaki pale pale.

"Mama," akamwambia mke wangu, maana ndivyo anavyomwita binti yake, "magoti yamekataa."

Mke wangu akanigeukia. "Wewe si fundi wa lifti? Mpandishe baba!"

Jamani, hebu fikiria. Huyo ni baba mkwe wako. Unamshika wapi? Huwezi kumkumbatia kiunoni. Huwezi kumwingiza mkono kwapani. Nilimshika kiwiko kwa vidole viwili, kwa heshima, nikavuta. Na hapo hapo maneno ya mke wangu yakanirudia kichwani: akisimama kuondoka, naondoka naye.

Mkono ukalegea wenyewe.

"Mzito kidogo," nikasema. "Tumwache apumzike. Chakula kwanza."

Tukala mezani pale chini, sote watatu. Mzee alikula sahani tatu. Nilishangaa.

Baada ya chakula likazuka jambo lingine.

"Mkwe, hayo maji yako," mzee akasema, akionyesha kichemchemi, "yananitia haja."

Tukatazamana mimi na mke wangu. Choo kiko mwisho wa korido. Nikashika ncha ya mkeka, nikauvuta na mzee juu yake. Sakafu yangu inateleza vizuri. Mzee akapita koridoni kanyoosha mgongo, mikono magotini, anaangalia mbele. Tulipofika nikausukuma mkeka ndani.

"Niacheni. Fungeni mlango. Mwende mbali."

Tukaenda mbali. Baada ya muda tukasikia maji, kisha sauti: "Tayari!"

Nikafungua. Mzee yuko juu ya mkeka, kakaa vile vile, tai imenyooka.

Alipandaje? Alishukaje? Mimi sikuuliza. Unamwuliza vipi baba mkwe wako mambo ya chooni? Bora ardhi inimeze. Nikashika ncha ya mkeka, nikavuta, tukarudi. Na kwa kuwa kichemchemi hakikunyamaza, safari hiyo tuliifanya mara tano Jumamosi ile, na hakuna aliyeuliza chochote.

Jumapili mke wangu akaamua. "Leo baba anasimama. Leta winchi ya kazini."

Nikaleta. Ningesema nini? Nikaifunga kwenye boriti ya sebule. Mke wangu akasimama karibu na mlango, sanduku liko miguuni pake. Akamwita na seremala aje kusaidia, lakini seremala alikuja kulinda milango yake. "Msimzungushe huku! Karatasi hiyo! Karatasi!"

Sasa nitubu mbele yenu. Nimefunga mizigo ya tani mbili kwa miaka kumi na moja na haijawahi kuanguka hata moja. Nikifunga mzigo, umefungwa. Siku hiyo nilimpitisha mzee mkanda kwa namna ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza angefukuzwa kazi. Nilifunga ili isipande.

Nikavuta mnyororo. Krrr. Mzee akanyanyuka kama upana wa vidole viwili.

"Aah! Mgongo! Shusha!"

Nilikuwa nimeshashusha kabla hajamaliza kusema mgongo. Mkanda ukafyatuka, seremala aliyekuwa anavuta kwa nyuma akaenda kinyumenyume, akapita katikati ya mlango wa karatasi, chwaa, akatokea chumbani kwetu.



"Niliuliza mtu akiegemea itakuwaje," seremala akasema kutoka chumbani.

Mke wangu akamwangalia baba yake. Akaniangalia mimi. "Basi. Asije akaumia," akasema, akalivuta sanduku likarudi ukutani.

Nilishukuru kimoyomoyo. Nikajisifu: wewe jamaa una akili.

Mzee, kwa kuwa amekwama, akaifungua kesi upya. Jumatatu baada ya kazi alitukalisha tena. Akataka kujua nani aliamua kukata miguu ya kitanda. Akataka kumhoji seremala. Nilipomkatiza maneno, aliingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi yake ya kliniki, ya manjano, akaninyooshea usoni. "Ya kwanza hiyo!"

Mke wangu akacheka. Alijaribu kujizuia, lakini kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili sijasikia kicheko chake ndani ya nyumba ile. Mzee naye akaanza kusimulia mechi moja ambayo mbuzi aliingia uwanjani akafunga goli, na yeye akalikubali. Tulikaa pale chini, sahani zikijaa na kuisha.

Lakini tulipotaka kwenda kulala, mke wangu akageuka akaniambia kwa upole, "Kesho nitaomba gari la kubebea wagonjwa. Jumatano asubuhi baba atasimama, tutaondoka."

Upole ule ndio ulioniogopesha.

Jumanne tukaenda kazini sote. Mzee tukamwachia chakula, birika na redio, vyote mkono unapofika. Saa saba nikagundua nimesahau kipimo changu cha umeme nyumbani. Nikarudi.

Nikafungua mlango wa nje taratibu, nikavua viatu. Hapo ndipo nilipoona kitu nyuma ya mlango wa karatasi uliobaki.

Kivuli. Kivuli cha mtu aliyesimama.

Pa! Pa! Papa!

Mwizi, nikajua. Na baba mkwe yuko mle ndani, hawezi hata kukimbia. Nikanyakua mwamvuli, nikausukuma mlango kwa nguvu.

"Nani huyo!"

Alikuwa baba mkwe. Amesimama kwa miguu yake miwili, soksi miguuni, tai kaitupia begani, anamchapa mtu wa mbao makofi.

Tukatazamana.

Akaanza kushuka polepole kuelekea mkekani, kwa awamu, macho yake yako kwangu.

"Baba."

"Usiseme kitu."

"Baba, unasimama!"

"Nasimama tangu Jumamosi saa saba." Akaachana na kushuka, akasimama wima, akavuta suruali. "Ulidhani chooni nilikuwa naruka?"

 Nikakaa mimi sasa.

"Lakini kwa nini, baba?"

"Kwa nini! Nikisimama mbele yake, anabeba sanduku, nawe unabaki na huyu." Akamwonyesha mtu wa mbao. "Nimekupa muda wa nyongeza, mkwe. Siku nne! Matako yamekufa ganzi kwa ajili yako. Na wewe unafanya nini? Kila ukirudi unaniuliza mimi nitakula nini. Mke wako umemwuliza nini?"



"Na ile winchi," akaendelea, akaninyooshea kidole, "usidhani sikuona. Miaka ishirini na mbili nimewatazama watu wanaojiangusha kwenye boksi. Ulifunga vibaya makusudi."

"Na wewe ulipiga kelele ya mgongo kabla hujanyanyuka sawasawa," nikasema.

 Akacheka kidogo puani.

"Hajui lakini?" nikamwuliza. "Mke wangu hajui?"

Mzee akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma iliniuma kuliko tusi. "Binti yangu anafanya kazi gani?"

"Nesi."

"Kutwa anafanya nini?"

"Anainua wag..."

Sentensi ikanifia mdomoni. Mwanamke anayekalisha kitandani mwanaume wa kilo mia aliyevunjika paja. Kila siku. Peke yake. Na tangu Jumamosi alikuwa amesimama pembeni ananiambia mimi nimpandishe baba yake, na hakuwa amemgusa hata bega.

"Ina maana hataki kuondoka?"

"Mimi simo," mzee akasema. "Mimi siwezi kusimama." Akashuka mkekani mara moja, bila awamu yoyote, akawasha redio.

Sikurudi kazini. Nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka saa kumi, nikimsubiri. Alipotokea na begi lake begani, amechoka, viatu vimejaa vumbi, nikapata wazo la kusimama nimpokee kwa maneno mazuri niliyokuwa nimeyapanga. Yakapotea yote. Nikasogea pembeni kumpa nafasi. Akakaa.

"Siku ile uliporudi," nikamwuliza, "ulitaka kukuta nini?"

 Akavua kiatu kimoja, akakishika.

"Kule mafunzoni tulilala wanne chumba kimoja," akasema. "Kila siku nilikuwa najiambia, nitarudi kwangu, nitakaa, nitaweka miguu juu, na wewe utanieleza leo nani amekwama kwenye lifti na alitukana nini. Basi. Sikutaka kingine. Nikafika mlangoni, ukaniinamia."

Nikatazama viganja vyangu.

"Uliniinamia kama mgeni," akasema. "Nikasema, basi, huyu ameshapanga nyumba ya mtu mmoja."

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nimechoka kutukanwa na ghorofa tisa, nikataka mahali pa kuheshimiwa, nikasahau kwamba mahali hapo nilikuwa napo siku zote, na mwenye kunisikiliza alikuwepo. Nikamwambia kesho asubuhi nitakwenda kwa mlinzi nikamwombe kiti.

"Usimsumbue. Ameshakizoea," akasema. "Nataka kipya. Na nachagua mwenyewe."

"Kwa hiyo..."

"Siendi popote. Hilo sanduku halina kitu tangu Jumapili. Wewe huoni hata kabati limejaa?"

Wallahi sikuwa nimeona.

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka. Nikasimama haraka. "Twende tumwambie baba! Tumwambie tumepatana!"

Akanidaka shati, akanivuta chini.

"Kaa hapo."

"Kwa nini?"

"Ukimwambia tumepatana, atavaa viatu." Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Atarudi kwenye ile nyumba, na chai yake na mkate wake. Miaka minne tunamwomba, hataki. Umemwona anavyokula? Umesikia alivyosimulia habari za yule mbuzi? Sijamsikia akisimulia kitu tangu mama aondoke."



"Hawezi kukaa kwa mkwe bila sababu," akasema. "Lakini kesi ni sababu."

Kwanza sikuelewa. Nilipoelewa, yeye alikuwa ameshasimama. Akafungua mlango kwa kishindo, akaingiza kichwa ndani, akapaza sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Na kama hulitoi hilo dude la mbao, hii ndoa imekwisha leo leo!"

Akanigeukia, akanikonyeza. Zamu yangu.

"Halitoki!" nikapiga kelele. "Litoke kwani linakula chakula chako?"

Ndani redio ikazimwa.

"Kaeni chini!" mzee akanguruma. "Kaeni chini wote wawili! Nilidhani tumekaribia mwisho, kumbe kesi yenyewe mbichi kabisa!"

Sauti yake ilikuwa na raha ambayo sijui niieleze vipi.

Huu ni mwezi wa nane na kesi haijaisha.

Milango ya karatasi ipo, mzima na uliochanika, mapanga yapo, kwa sababu mzee amesema hivyo ni vielelezo, visiguswe mpaka atoe uamuzi. Katikati ya mikeka kuna kiti kikubwa cha kijani, cha mke wangu, kwa amri ya muda. Chumba cha nyuma kina nguo za mzee, redio yake na viatu vyake vinavyong'aa. Siku hizi magoti yanamfikisha chooni na mezani. Safari ya kurudi kwake ndiyo anasema hayajaiweza. Sisi tukirudi kazini tunakohoa kwanza nje, apate muda wa kukaa.

Jumamosi iliyopita mambo yalitaka kuharibika. Tulikosa cha kugombania. Tumekaa watatu, kila mtu ametulia, na nikamwona mzee anatupia jicho pale viatu vyake vilipo.

Mke wangu akapiga kiti kofi. "Na yale mapazia uliyonunua bila kuniuliza!"

Nyumba yangu haina pazia hata moja.

"Ni mapazia mazuri!" nikamjibu.

Mzee akatazama dirisha tupu. Akatutazama sisi. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi, akatuonyesha wote wawili. "Hili la mapazia," akasema taratibu, "litachukua muda."

Mimi nimejifunza mawili tu, chukua ukitaka. Kabla hujatoa kiti cha mtu, muulize amechoka kiasi gani. Na kama una mzazi ambaye hataki kuombwa akae kwako, acha kumwomba. Mpe kazi.